Kizuri chajiuza: Ultimate na Imagine

Wadau, wapenzi wa magemu ya zamani ya kompyuta ya ZX Spectrum hubishana: kampuni ipi ilikuwa kali, Ultimate au Imagine? Zote za Uingereza, zote zilianza mwaka 1982. Mimi niko upande wa Ultimate, na sababu si magemu peke yake.

Imagine ya Liverpool ilijua kujipigia debe. Mwaka 1984 ilitangaza magazetini gemu la Bandersnatch ambalo halijakamilika. Julai mwaka huohuo ikafilisika, kamera za BBC zikiwa mle mle ofisini. Bandersnatch halikutoka.

Ndugu wawili wa Ultimate, Tim na Chris Stamper, walikuwa wagumu kuongea na waandishi. Walitoa kazi tu: Jetpac mwaka 1983, kwa Spectrum ya kilobaiti 16 tu za kumbukumbu, kisha Knight Lore mwaka 1984. Kampuni yao iliyofuata, Rare, ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2002 kwa dola milioni 375.

Sisi waandishi tunapenda wenye maneno mengi, wanatujazia kurasa. Lakini msomaji ananunua gemu, hanunui tangazo. Tukisifia tusichokiona, jamani, tunamsaidia nani?