Kalamu Chini, Wote

Nilisimamia mitihani miaka mingi, na hila moja kongwe naijua. Msimamizi akisema "Kalamu chini!" darasa zima hutii, ila mmoja kule nyuma huendelea kuandika. Karatasi zikikusanywa hivyo, haki haipo tena.

Hila hiyo huikumbuka kila niwasikiapo vijana wa kompyuta wakijisifu kwamba programu yaweza kusimamishwa, hali yake ikaandikwa diskini, kisha ikaamshwa kwenye mashine nyingine kana kwamba haikulala. Jambo hilo lipo kweli. Kwenye Linux, mradi wa CRIU umelishughulikia tangu 2011. Lakini wapo wasemao kuwa kuigandisha programu kunatosha. Mimi nasema hakutoshi.

Kumbukumbu ya kompyuta hugawanywa katika kurasa, mara nyingi za baiti 4096. Nyingi kati ya hizo kerneli huzihamisha ipendavyo. Nyingine zimepigwa pini: kadi ya mtandao, kwa mfano, imepewa anwani halisi ya ukurasa ili iandike humo moja kwa moja bila kupitia prosesa. Programu ikigandishwa, kadi haikuisikia amri, yaendelea kuandika. Ukurasa ukinakiliwa wakati huo, huenda nusu ikawa ya zamani na nusu mpya. Na programu ikiamshwa kwingine, anwani ile haina maana tena.

Kerneli yenyewe hujihadhari. Tangu 2020, pini moja kwenye ukurasa mdogo huongeza 1024 katika hesabu ya wanaoutumia. Hata hivyo jibu lake hubaki "huenda una pini", kwani watumiaji wa kawaida wakifika 1024 nao hufanana na pini moja. Vema! Heri kukosea upande wa tahadhari.

Wapenda njia ya mkato huniambia, "Mzee, mara elfu itafaulu." Na ile ya elfu na moja? Kumbukumbu iliyopotea mtu ataitafuta. Kumbukumbu ya uongo ataiamini. Kwa hiyo kifaa kinyamazishwe kwanza, pini zing'olewe, ndipo nakala ichukuliwe. Isipowezekana, mfumo ukatae waziwazi.

Kukataa si aibu. Mimi niliwahi kukusanya karatasi kabla ya kuhakikisha kalamu zote zimelala, nikatia saini kuwa yote yalikwenda sawa. Saini ile inaniuma hadi leo.