PESA HAINA JINA? HABARI YA DHAHABU YA KILWA NA PAA LA KANISA LETU

 

Wale mlio kwenye grupu la WhatsApp la kanisa mnajua vile wiki hii imekuwa. Tangu Jumapili nilipotangaza kwamba mimi na wazee wa kanisa tumekataa kumwita mheshimiwa fulani awe mgeni wa heshima kwenye harambee ya paa, simu yangu haijanyamaza. Wengine mmenitia moyo, Mungu awabariki. Wengine mmeniuliza kama nimesahau kwamba mvua inakuja na watoto wa shule ya Jumapili bado wanakaa chini ya turubai. Na ndugu mmoja ninayempenda sana aliandika maneno ambayo wengi mliyapigia makofi: "Pastor, pesa haina jina."

Leo nataka kujibu maneno hayo. Keti, mimina chai yako, usome mpaka mwisho kabla ya kuandika chochote hapo chini.

Ndugu yangu, iko pesa yenye jina. Jina lake limechongwa, na mpaka leo linasomeka.

Nilipokuwa chuo cha Biblia, mwalimu wetu wa historia ya kanisa alituonyesha picha ya chombo kimoja cha dhahabu. Wakatoliki hukiita monstransi. Ndani yake huwekwa ile mkate wa ushirika ili watu wauone na kuabudu. Kile chombo ni kizuri ajabu. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti wakizunguka katikati, wamepakwa rangi za kung'aa, kila mmoja na uso wake. Fundi aliyekitengeneza anasemekana ni Gil Vicente. Leo kiko kwenye jumba la makumbusho mjini Lisbon, Ureno, na watu wanalipa kukitazama.

Chini kwenye kitako kuna maandishi ya Kireno. Yanasema kwamba Mfalme Manuel wa Kwanza aliamuru kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kikamalizika mwaka wa 1506.

Kilwa! Kilwa hii hii ya pwani yetu ya Afrika Mashariki, kusini mwa Tanzania.

Sasa sikiliza dhahabu hiyo ilipatikanaje.

Mwaka wa 1498 Vasco da Gama alipita Mombasa akafika Malindi akitafuta njia ya kwenda India. Wengi mlisoma habari hiyo shuleni. Lakini mwaka wa 1502 alirudi, na safari hii hakuwa mtafuta njia. Alikuja na kundi la meli zenye mizinga. Akasimama mbele ya Kilwa, mji uliotajirika kwa biashara ya dhahabu iliyotoka Sofala, akamtisha mtawala wake, Amir Ibrahim, mpaka akakubali kulipa kodi kila mwaka kwa mfalme ambaye hajawahi kumwona. Malipo ya kwanza yalikuwa mithkali 1,500 za dhahabu. Hiyo ni zaidi ya kilo sita. Da Gama akaifikisha Lisbon mwaka wa 1503, na mfalme akasema: hii tumfanyie Mungu chombo.

Na wakati fundi bado anafua dhahabu hiyo, nini kilikuwa kinaendelea Kilwa? Julai 1505 Francisco de Almeida alifika na meli nyingine, akauteka mji. Walioandika habari hiyo walikuwa Wareno wenyewe, si adui zao. Wanasema mapadre walishuka pwani wakiwa wamebeba misalaba miwili, wakiimba wimbo wa kumsifu Mungu. Wakaenda mpaka kwenye jumba la mtawala. Msalaba ukawekwa chini, kamanda akaomba. Kisha wote wakaanza kupora mji.

Wapendwa, soma tena mpangilio huo. Msalaba, wimbo, maombi, halafu uporaji. Mwezi uliofuata wakaiteketeza Mombasa. Mwaka uliofuata chombo kikamalizika Lisbon, kikang'aa madhabahuni, na watu wakapiga magoti mbele yake.

Ninajua kuna mtu anataka kusema, "Pastor, hao walikuwa Wakatoliki, sisi tumeokoka." Usikimbilie huko. Ni kweli kwamba mwaka wa 1455 Papa Nikolasi wa Tano alimpa mfalme wa Ureno hati ya kushinda na kutawala mataifa yasiyo ya Kikristo. Lakini sisi wa nchi ya chai tunajua pia wafalme wasiokuwa Wakatoliki. Sheria ya mwaka wa 1915 ilifanya ardhi ya wazee wetu kuwa ardhi ya Mfalme wa Uingereza. Mwaka wa 1934 ukoo wa Talai ukaondolewa Kericho kwa sheria, ukapelekwa Gwassi, karibu na ziwa. Na Jumapili makanisani mfalme huyo huyo aliombewa kwa jina. Basi tusiwanyoshee Wakatoliki kidole. Tena Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Kikatoliki wa Nairobi, Philip Anyolo, aliagiza pesa ambazo Rais na wanasiasa walitoa katika parokia ya Soweto zirudishwe. Askofu Mkatoliki alirudisha. Sisi tunaonena kwa lugha tunapanga viti vya mbele na kutafuta kipaza sauti kizuri.

Hoja ya pili niliyotumiwa ni ya Maandiko, na ninaiheshimu. Dada mmoja aliniandikia kwamba Waisraeli walitoka Misri na dhahabu ya Wamisri, na kwa dhahabu hiyo wakajenga hema la kukutania. Kwa hiyo Mungu hajali pesa imetoka wapi.

Dada yangu, soma Kutoka yote. Waisraeli walikuwa watumwa waliofanya kazi vizazi kwa vizazi bila mshahara. Walichopewa kilikuwa jasho lao. Walioporwa ndio waliopokea. Kilwa ilikuwa kinyume chake: aliyepora ndiye aliyetoa sadaka. Na Kutoka 25 inasema Musa apokee kwa yule ambaye moyo wake umempa kupenda. Amir Ibrahim alipenda nini, na mizinga imeelekezwa mlangoni pake?

Tazama Biblia inavyosema mahali pengine. Kumbukumbu la Torati 23:18 inataja malipo ambayo hayaruhusiwi kuingia nyumba ya Bwana hata kama ni ya nadhiri. Isaya 61:8 Bwana anasema wazi kwamba anachukia wizi pamoja na uovu. Na ile inayonitisha kuliko zote ni Mathayo 27:6. Yuda alipozitupa zile fedha hekaluni, makuhani wakuu, watu waliokuwa wamepanga kumwua Yesu, walikataa kuziweka katika sanduku la hazina kwa sababu zilikuwa za damu. Hata wao waliona haya! Je, kanisa lililonunuliwa kwa damu ya Yesu lishindwe na makuhani wale?

Sasa niseme jambo kwa haki. Sisemi mheshimiwa huyu ni mwizi. Sina ushahidi, na kumshuhudia mtu uongo ni dhambi. Nitawaambia tulichofanya. Wazee walimtumia watu wakamwomba mambo mawili. Kwanza, atoe kama mshirika mwingine yeyote, kwenye bahasha, bila hotuba na bila kamera. Pili, atuambie kama hiyo ni pesa yake ya mfukoni au ni ya wananchi. Jibu lilirudi siku hiyo hiyo: lazima azungumze, lazima aje na watu wake, na hilo la pili tusiulize tena.

Nikakumbuka ile monstransi. Kwenye shina lake, katikati kabisa ya kazi ile nzuri, kuna matufe, nembo ya Mfalme Manuel mwenyewe. Kitu cha kumwinua Kristo, na nembo ya mfalme iko juu yake. Nikajiuliza, paa letu likiisha, litasomeka jina la nani? Watoto wetu watakua wakijua kwamba nyumba hii ya maombi ni ya fulani. Na siku huyo fulani atakaponyima zahanati dawa, au basari ikipotelea njiani, mchungaji atafungua kinywa gani kumkemea? Atakuwa anahubiri chini ya mabati yake.

Mnataka kuona matunda? Wareno walijenga Mombasa ngome kubwa kuanzia mwaka wa 1593, wakaiita Ngome ya Yesu, Fort Jesus. Jina la Yesu, na mizinga ukutani. Ngome ikaanguka mikononi mwa Waomani mwaka wa 1698. Miaka 200 tangu da Gama, na kanisa walilolipanda halikushika mizizi pwani ile. Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka wa 1844, ilibidi aanze upya. Hakuja na meli za kivita. Mwaka huo huo alimzika mke wake na mtoto wao mchanga pale, akaendelea na kazi. Injili haikuhitaji dhahabu ya Kilwa. Ilihitaji mtu aliyekuwa tayari kulipa gharama mwenyewe.

Ndivyo Daudi alivyosema kwa Arauna katika 2 Samweli 24:24, kwamba hatamtolea Bwana kitu ambacho hakikumgharimu. Na kwa wenye pesa isiyo safi, mlango wa toba uko wazi. Muulize Zakayo. Yesu hakumwagiza ajenge sinagogi. Zakayo mwenyewe alisema atawarudishia aliowadhulumu mara nne. Pesa ya dhuluma ina mahali pa kwenda, na mahali hapo ni kwa mwenyewe.

Sasa turudi kwenye paa. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, mama mmoja anayechuma chai kwenye shamba la kampuni alinifuata nyuma ya kanisa. Alinipa shilingi 200 zilizokunjwa mpaka zikawa ndogo kama kidonge. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa majani. Akaniambia, "Pastor, hizi ni za misumari." Akaondoka kabla sijamwuliza kama watoto wamekula.

Nisameheni, lakini nikichukua mamilioni ya mtu asiyetaka kuulizwa, nitamwangaliaje mama huyo? Misumari yake itashikilia mabati ya nani?

Kwa hiyo uamuzi wetu unabaki. Tutaezeka pole pole. Tunahitaji mabati 140, tumepata 52. Kila familia inayoweza bati moja, ilete moja. Mkiweza nusu, unganeni wawili. Wakulima, bonasi ikitoka mtukumbuke. Anayeweza kusaidia kupiga misumari aje Jumamosi na nyundo yake. Hakuna jina litakalosomwa, na hakuna jina litakaloandikwa ukutani. Mvua ikitukuta kabla hatujamaliza, tutahamisha watoto waje mbele na sisi watu wazima tutakaa kwenye turubai. Mimi nitakuwa wa kwanza.

Na wewe ndugu yangu uliyeandika kwamba pesa haina jina, sijakukasirikia. Njoo Jumamosi. Nimekuwekea ngazi.

TUOMBE: Baba, tusamehe pale tulipopokea bila kuuliza. Wakumbuke waliodhulumiwa kwa jina lako, Kilwa, Mombasa, na hapa kwetu. Safisha mikono yetu kabla haijagusa madhabahu yako. Katika jina la Yesu.

Kama unakubaliana nami andika AMINA. Kama hukubaliani, andika pia, nitakujibu kwa upole.

Mchungaji wenu.