Prado ya kurudi nayo Burundi: hofu si usukani, ni dizeli

Wanaorejea Burundi kutoka Tanzania, na wafanyabiashara wa Kabanga na Kobero, huniuliza kwanza kuhusu usukani. Ni kweli kwamba Burundi huendesha upande wa kulia, lakini magari ya Japani yenye usukani wa kulia yamejaa huko, na shida huwa wakati wa kulipita lori tu. Rwanda ni habari nyingine. Mwaka 2005 ilipiga marufuku kuingiza magari ya aina hiyo, hivyo anayefikiria kuuza Kigali aulize kabla ya kulipa.

Mimi natumia Prado 120, toleo la 2002 hadi 2009, yenye injini ya dizeli ya D-4D. Imejengwa juu ya chesisi kama lori, na matope ya masika hayaitishi. Tatizo ni kwamba injini hii husukuma dizeli kwa nguvu kubwa mno kupitia nozeli zenye matundu membamba sana. Tangu uhaba wa mafuta ulipoibana Burundi katika miaka hii ya 2020, wengi wanategemea madumu ya magendo, na dizeli yenye maji huua nozeli. Yangu ilianza kutoa moshi mweupe baada ya dumu moja tu! Nozeli nne ni mtaji wa duka.

Injini ya zamani ya 1KZ huvumilia zaidi, ila ikichemka silinda hedi hupasuka. Anayepitia Ngara ajaze tangi upande wa Tanzania, na abebe chujio la dizeli la akiba.