Protini ya Maabara na Mahindi Yenye Ukungu

Kichupa hakizidi kidole gumba, na kilichomo huhifadhiwa kwenye baridi kali, nyuzi 80 chini ya sifuri. Ni protini ya binadamu iitwayo p53, ila haikutoka mwilini mwa mtu. Wanasayansi hupandikiza jeni ya binadamu ndani ya bakteria, na bakteria hao hugeuka kiwanda cha kuitengeneza.

Protini hii iligunduliwa mwaka 1979, na kazi yake ni ulinzi. DNA ikiharibika, huizuia seli isigawanyike mpaka DNA hiyo irekebishwe, au huiamuru seli ife. Katika takriban nusu ya saratani za binadamu, jeni ya mlinzi huyu imeharibika. Akiwa na protini hii maabarani, mtafiti huona inavyoshikamana na DNA na hujaribu dawa za kuirudishia nguvu.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya Wazungu. Wanakosea.

Aflatoksini, sumukuvu ya mahindi yasiyokaushwa vizuri, huacha alama yake kwenye jeni hiyohiyo, sehemu ya 249, na huchangia saratani ya ini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Hao walikufa upesi. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka hahesabiwi humo.

Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vipewe bajeti ya kutengeneza protini hizi vyenyewe, badala ya kuagiza kila kichupa ng'ambo. Na serikali zisingoje majibu ya maabara ndipo zimsaidie mkulima kukausha mahindi yake.