Kifafa Kilichorudi Ukubwani

Mama mmoja alinijia baada ya Alasiri, machozi yakimtoka. Bintiye aliugua kifafa utotoni, akameza vidonge, akakaa miaka bila kuanguka. Harusi ilipokaribia, mama akamwachisha dawa, mume asije akaziona. Mwezi wa tatu wa ndoa binti akaanguka jikoni, mkono ukaungua. Wakwe wakasema ni jini, wakataka nimsomee.

Nilimsomea. Kisha nikawaambia wampeleke hospitali siku ileile. Kifafa chaweza kulala miaka mingi kikarudi, na dawa ikikatwa ghafla hatari huzidi. Tabibu ndiye huipunguza, kidogo kidogo. Naye mwenye kutaraji mimba na amwone mapema, maana baadhi ya dawa hizo humdhuru mtoto tumboni, lakini asiziache kwa shauri lake.

Katika Sahihi Bukhari yumo mwanamke aliyemwendea Mtume (S.A.W.) akamweleza waziwazi kwamba huanguka. Hakuona haya kuutaja ugonjwa. Alichoogopa ni kufunukwa na nguo aangukapo, akaombewa sitara.

Mume alikasirika, naam, lakini kwa kufichwa. Siku hizi yeye ndiye amkumbushaye mkewe vidonge baada ya Isha.