Tochi Nzuri Haikusanyi Kitu

Ilikuwa inakaribia saa sita mchana, basi letu limeshika kasi kwenye barabara kuu ya kaskazini, lori lililokuwa likija lilipotuwashia taa mara mbili. Dereva akaachia mafuta. Konda, bila hata kugeuka, akasema neno moja: "Tochi." Waliokuwa wakisinzia wakafungua macho. Basi likatambaa kama msafara wa maiti, tukateremka bonde moja lisilo na nyumba wala kibanda. Chini ya mwembe alikuwapo askari na kifaa chake cha kupimia mwendo. Kilomita mbili mbele, mwenzake alikuwa ameshasimamisha magari manne, simu mkononi, picha zimemfikia.

Sisi tulipona. Tukasimama kijiji kinachofuata kuchimba dawa, nikanunua ndizi kwa mama mmoja aliyekuwa ameketi ukingoni mwa lami. Nikamuuliza: "Mama, hawa wa tochi huwapo kila siku?"

"Kila siku, mwanangu. Ila watoto wetu wanavukia hapa, shule ile pale. Hao askari wanakaa kule bondeni, gari linakoteremka lenyewe."

Akanionyesha kivuko. Mistari ya pundamilia iliyosalia ilikuwa miwili na nusu.

Ipo imani iliyoota mizizi kwetu kwamba faini zikiongezeka, barabara zinakuwa salama. Makamanda wameizoea: wakitoa taarifa kwa waandishi wa habari, idadi ya makosa yaliyokamatwa na mamilioni yaliyokusanywa husomwa kwa sauti ya ushindi. Nasi abiria tunaitikia: "Walimwe tu, wanatumaliza hawa." Imani hiyo ni ya uongo, na watu wanaifia.

Dereva anayengoja nimtetee atangoja sana. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hugonga kwa nguvu inayozidi mara mbili na nusu ile ya gari la kilomita 50. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa asilimia 4 hivi. Mwendo lazima upungue, hilo halina ubishi. Ninachouliza ni kama faini inaupunguza.

Faini inayofanya kazi yake hujimaliza. Madereva wakishajua kwamba mahali fulani hapakimbiliki, wanaacha kukimbia, na kitabu cha makusanyo kinabaki kitupu. Kwa hiyo tochi inayovuna mwaka huu palepale ilipovuna mwaka jana, kiasi kilekile, imetuthibitishia jambo moja tu: hakuna aliyebadilika. Mganga mkuu akitangaza kwamba zahanati yake imetoa dozi nyingi za malaria kuliko mwaka jana, hatumpigii makofi. Tunamuuliza mbu wametoka wapi.

Tena, aliyetupunguza mwendo mchana ule alikuwa dereva wa lori. Kifaa kilichofichwa hakimzuii mtu kukimbia. Kinamrekodi akiwa ameshakimbia, na kama palikuwa na mtoto barabarani, ameshagongwa. Anayelinda hujionyesha. Anayejificha anavua samaki. Uingereza nako madereva walilalamika kwamba kamera za mwendo zimegeuzwa mashine za pesa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali yao ikaagiza zipakwe rangi ya njano zionekane kutoka mbali, na mwaka 2007 ikafuta mpango uliowaruhusu waendesha kamera kujilipa gharama zao kutokana na faini. Kamera zilibaki. Kilichoondolewa ni kishawishi.

Najua jibu linalokuja: Mswahili bila kiboko haendi. Basi twende Ghana kwanza. Kwenye makutano ya Suhum, katika barabara kuu ya Accra kwenda Kumasi, yaliwekwa matuta madogo ya mfululizo, yale yanayolitetemesha gari. Ajali zilipungua kwa asilimia 35 hivi, na vifo kwa asilimia 55 hivi. Kazi hiyo ilifanywa na matuta.

Kenya je, wanakokaa Waswahili wenzetu? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown walibandika stika ndani ya matatu, zikiwahimiza abiria wapaze sauti dereva anapokimbiza gari. Madereva walioziacha zisibanduliwe waliingizwa kwenye bahati nasibu ya zawadi. Kampeni ikaitwa Zusha, na madai ya bima yakapungua kwa robo hadi theluthi. Kiboko kilichotumika kilikuwa mdomo wa abiria wa kiti cha nyuma.

Na hapa hapa Dar es Salaam, shirika la Amend limekwenda kwenye shule za msingi ambako watoto hugongwa zaidi, likajenga njia za miguu, matuta, vivuko na nguzo za kuyazuia magari yasipande pembeni. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji, ya WRI Ross.

Tatizo ni kwamba tuta halitoi risiti, na stika haina namba ya malipo. Hakuna kamanda anayeweza kusimama kujisifu kwamba tuta lake limeingiza milioni kadhaa mwezi huu. Kinachookoa watu hakionekani kwenye hesabu, na kinachoonekana kwenye hesabu ndicho kinachopewa askari.

Itazame faini yenyewe. Kwa mwenye basi, shilingi 30,000 ni mstari mmoja kwenye hesabu ya safari, baada ya dizeli na kabla ya chakula cha dereva. Akishaizoea, inakuwa nauli ya kukimbia. Na palipo na bei hapakosi mwenye kuomba apunguziwe. Rushwa ya barabarani ni faini iliyopunguzwa bei. Mwenye bodaboda yeye ilikuwa inamkaba koo, na serikali yenyewe ililikubali hilo kwenye bajeti ya mwaka 2021 ilipopendekeza kuishusha hadi 10,000 kwa pikipiki na bajaji.

Serikali inahitaji fedha? Izitafute, tena bila kuona haya. Mwaka 2017 ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari na kuihamishia kwenye mafuta: kila mwenye chombo analipa pale kwenye pampu, na hakuna anayeviziwa. Hiyo ni kodi iliyovaa nguo zake. Faini inayotegemewa kujaza hazina ni kodi iliyovaa sare ya polisi, na ubaya wake ni kwamba inahitaji makosa ili iishi. Anayekula kwa kosa langu ataombaje nisikosee?

Tochi zibaki, ila zihamishwe. Ziletwe juu kijijini, mbele ya shule, askari asimame wazi na koti lake linalong'aa. Kivuko kipakwe rangi. Kibao cha kuanza mwendo wa 50 na cha kumaliza visimame mahali pake, dereva asibahatishe. Na kamanda akiitisha waandishi wa habari, aanze na waliogongwa: wangapi, wapi, wamepungua au wameongezeka. Fedha aziseme mwisho, kwa sauti ndogo. Siku atakapotuambia kwamba mahali fulani tochi ilikaa mwaka mzima bila kupata hata shilingi, na hakuna mtoto aliyeguswa, nitakuwa wa kwanza kumpigia makofi.

Mchana ule honi ilipolia tulirudi kwenye viti. Watoto wa madarasa ya chini walikuwa ndio wanatoka, wamejipanga ukingoni mwa kile kivuko cha mistari miwili na nusu, mmoja amemshika mdogo wake mkono, wakingoja. Dereva wetu aliwaona. Aliwapigia honi, na kwa kuwa tochi alikuwa ameshaipita, akakanyaga mafuta.