Hazina Isijitangaze Yenyewe

Leo siandiki kuhusu Linux wala bei ya intaneti. Nina hoja moja tu, na najua baadhi yenu mtanirushia mawe: katika michezo ya kuigiza mezani, sisi waandishi wa programu tunaua uchawi. Naanza na kesi yangu mwenyewe.

Kwa ambao hamjawahi kucheza: Dungeons & Dragons, mchezo wa Gary Gygax na Dave Arneson, ulitolewa Marekani mwaka 1974. Mnaketi mezani, mmoja ni msimulizi, wengine kila mtu ana mhusika wake, na dadu huamua yale ambayo maneno hayawezi kuamua. Mnaingia pangoni, mnapigana na dude fulani, na mkipona mnakuta hazina. Ndani yake kuna pete, upanga, chupa yenye dawa. Swali ni moja: hiki ni nini hasa?

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani Katangi na wapwa zangu wanne, chini ya mwembe, jua kali kama kawaida ya Yatta. Nilikuwa nimeandika programu ndogo kwa Python inayochagua hazina kwa bahati nasibu. (Sikuiba kitu. Kanuni za msingi za toleo la tano ziliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons Januari 2023, kwa hiyo ruksa kuzitumia.) Mpwa wangu mmoja, msichana wa miaka 13, akapata pembe pangoni. Nikabonyeza kitufe, na skrini ikamwaga kila kitu: jina la pembe, neno la siri la kutamka kabla ya kuipuliza, ngurumo inayotoka, na kwamba kila ukiipuliza kuna uwezekano wa asilimia 20 ipasuke na kumuunguza mpulizaji kwa dadu 10 za pande sita.

Akasoma. Akafikiri kidogo. "Mjomba, tuiuze."

Wakaiuza kijiji kilichofuata! Pembe ya maajabu imegeuka kuwa mbuzi wa mnadani: bei gani, kasoro gani, haya, nani anachukua? Simlaumu. Nilimpa risiti kabla ya kumpa pembe.

Wazee wa mchezo huu walilijua tatizo hili mapema. Katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978, uganga wa kutambua kifaa ulikuwa adhabu. Mchawi alihitaji lulu ya thamani ya vipande 100 vya dhahabu, anywe divai iliyolowekwa unyoya wa bundi, na ameze samaki mdogo mzima mzima, akiwa hai. Baada ya hapo aliishiwa nguvu kiasi cha kutofaa kitu kwa saa kadhaa, na bado angeweza kukosa jibu. (Bundi! Jaribu kumwambia mtu wa kwetu alete unyoya wa bundi nyumbani uone atakavyokutazama.) Katika toleo la 2014, mchezaji anakaa na kifaa saa moja ya mapumziko, basi, anakijua. Kitabu cha msimulizi cha toleo hilohilo kinamruhusu msimulizi kuifuta njia hiyo ya mkato. Futa.

Halafu mtu asiniambie eti kompyuta haiwezi kuficha. Rogue, mchezo wa mwaka 1980, ulibadilisha rangi za dawa kila ulipoanza upya, kwa hiyo bluu iliyokuponya jana leo inaweza kukupofusha. NetHack, uliotoka 1987, hukuacha ukisie kitu kutokana na bei anayotaja mwenye duka, au umtazame mbwa wako: akisitasita kukanyaga kitu sakafuni, shuku laana. Mbwa! Hilo napenda kuliko uganga wote wa kitabuni, maana ndivyo mtu hujua mambo. Hakuna anayesomewa orodha. Unaona nani anakiogopa, unauliza kilitoka wapi. Hata Fumo Liyongo wa hadithi za pwani, siri ya kwamba angeuawa kwa sindano ya shaba kitovuni haikuandikwa kwenye sindano. Ilibidi mwanawe atumwe akaidukue kwa maneno matamu.

Sasa hapa ndipo mambo yalipokuwa magumu. Mpwa wangu mdogo akasema, "Mjomba, weka na kithitu kwenye programu." Kwa msomaji asiye Mkamba: kithitu ni kitu cha kuapia, na huogopwa mno. Watu wakigombania shamba au deni, huapa kwacho, na husemwa kwamba muongo hufa au jamaa zake wakaanza kufa. Mama yangu, ambaye watoto humwita susu, alikuwa kando akimenya mbaazi. Mikono ikasimama. "Hicho hamkichezei hapa kwangu."

Mwanzoni nilitaka kubishana. Ni mchezo tu, mama. Lakini nikajiuliza ningejaza nini kwenye safu ya "nguvu" na safu ya "bei". Ninachojua kuhusu kithitu nimekijua kwa kuona watu wazima wakishusha sauti. Hiyo haiingii kwenye jedwali, na nikiilazimisha iingie nitakuwa nimewafundisha watoto uongo kuhusu kwao. Sikukiweka, na sitakiweka.

Usiku huo nikaivunja programu. Sasa kila kifaa kina safu mbili: sura, ambayo mchezaji anaiona, na asili, ambayo hata mimi msimulizi siioni mpaka kifaa kitumike. Kitufe cha "Tambua" nimekiondoa. Pembe ikarudi kwa njia nyingine, imefungwa kwa ngozi, ukingo wake una masizi. Neno lake la siri walipewa na mzee wa kijiji cha mchezoni, baada ya kumsaidia kutafuta ng'ombe wake jioni nzima. Msichana amekwisha ipuliza mara mbili, na daftarini kaandika: "Inavunja milango. Ya pili ilikuwa moto kidogo. Kwa nini kuna masizi?"

Nikimaliza kusafisha msimbo nitauweka hapa muupakue. Kwa sasa unagoma kwenye Windows, na sijajua kwa nini.